Daktari Aliyeuliza Linauma Kama Nini

Watu wa Migato walimwita Daktari wa Nda. Nda kwa Kisukuma ndiyo tumbo, na tumbo ndilo lililomleta kwetu. Mimi nilimwita Daktari tu. Yeye aliniita Mayu, kama mtu anavyomwita mama yake, ingawa wakati huo nilikuwa msichana mwembamba ambaye hajaolewa. Alisema anayepika, anayelima na anayeamua nani aende shule ndiye mayu wa nyumba, hata kama hajazaa. Habari za kwao sikuwahi kumuuliza kwa kirefu. Alisema ametoka upande wa Nyashimo, karibu na ziwa, akaishia hapo.

Ukimwambia tumbo linauma, hakuridhika.

"Usiniambie linauma," alisema. "Niambie linauma kama nini."

Mwanzoni watu walidhani anawadharau. Zahanati tulizozijua ziliuliza linauma wapi na limeanza lini, kisha unapewa vidonge. Huyu alivuta kigoda, akavua miwani, akafumba macho na kusubiri. Mwanamke aliyeuza maandazi njia panda alisema lake ni kama mtu anakunja mkeka mbichi humo ndani, anaondoka, anarudi kuukunjua. Mchungaji mmoja alisema ni kama ndama anayenyonya chuchu isiyo na maziwa, anapiga kichwa, anapiga kichwa. Mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kujiheshimu sana, alikataa maswali hayo mbele za watu. Baadaye akarudi peke yake akasema linauma kama kusubiri mshahara. Daktari alifumbua macho.

"Mwalimu, hiyo si picha. Hiyo ni sababu."

Nilikuwa nikipika huku nasikiliza, na polepole nikaanza kuona kijiji kingine ndani ya kijiji chetu. Watu walipita barabarani na majembe yao, na mimi nilijua ndani ya huyu kuna mikeka inakunjwa, ndani ya yule kuna mvua inayonyesha bila kulowesha kitu, na ndani ya mzee fulani kuna njiwa waliokosa mlango. Hata salamu zilibadilika. Mtu akisema "mhola", yaani kwema, nilimtazama chini ya kifua na kushangaa kwamba kwema ni neno kubwa kiasi kile.

Ilikuwa ile miaka ya ruhusa. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori. Mnadani, pale ng'ombe walipouzwa, zilikuja soda za rangi ambazo hatukujua majina yake, marundo ya mitumba, na vidonge. Vidonge vilimwagwa juu ya turubai kama karanga, vyekundu, vya njano, vingine nusu hivi nusu vile, na muuzaji alivitangaza kwa kipaza sauti: cha kichwa, cha mgongo, cha tumbo, cha mke asiyesikia. Watu walichagua kwa rangi. Daktari aliwaeleza kwamba vingine kati ya hivyo vya maumivu ndivyo vinavyochimba tumbo, na wao wakaitikia vizuri, wakampa kiti, wakaenda kununua.

Lakini yeye mwenyewe aliupenda mnada kuliko alivyopaswa. Alizunguka pale kama mtoto, akinusa kila kitu. Alikuwa na vidonda vya tumbo tangu ujana wake, na aliwakataza watu pilipili na chai kali kabla ya kula. Siku moja shangazi yetu alimkuta nyuma ya ghala letu la mtama, amechuchumaa, anatafuna hindi la kuchoma lililopakwa pilipili mpaka likawa jekundu.

Shangazi huyo alikuwa dada wa baba, mjane, na alikaa kwetu. Sisi tulimwita Sengi, ndivyo Wasukuma tunavyomwita shangazi, na kijiji kizima kikamwita hivyo hivyo. Alisimama mbele ya Daktari, mikono kiunoni, akamuuliza lake linauma kama nini.

"Kama mtu anayepigwa na mke wake mwenyewe," alisema Daktari.

"Basi umeoa vibaya. Lete hilo hindi."

Akampa. Sengi akalimaliza yeye.

Daktari alikaa kwetu kwa sababu ya dirisha. Baba, kabla hajafa, alikuwa amejenga nyumba ya bati kwa pamba ya miaka mizuri, na chumba cha mwisho kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama mashariki. Hadubini ya Daktari haikutumia umeme. Ilikuwa na kioo kidogo chini, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kulitafuta jua kwa kile kioo, akikigeuza taratibu hadi duara jeupe litokee. Akishalipata, uso wake ulitulia, na ungeweza kupita nyuma yake na mbuzi asikusikie. Nimewaona watu wengi wakisali, na wachache walikaa kimya namna ile.

Sikumpa chumba kwa sababu ya hadubini. Nilimpa kwa sababu ya Kabula.

Kabula ni mdogo wetu wa mwisho. Wakati ule mikono yake ilikuwa kama ya mtoto mwenye njaa, lakini tumbo lilitangulia mbele kama kibuyu, na chini ya mbavu za kushoto palikuwa na kitu kigumu ambacho ungeweza kukishika kwa nje. Mama yetu alikuwa na kitu hicho hicho upande huo huo. Alikitembeza mashambani miaka, hadi asubuhi moja akainamia beseni akatapika damu, na kabla jua halijasimama utosini alikuwa amekwisha. Baba alikuwa ametangulia. Niliacha shule darasa la tano, nikawa na mdogo wangu wa kiume wa kulisha, na Kabula wa kutazamwa. Kila nilipomwogesha nilipitisha mkono pale kushoto, nikijifanya nasugua, kupima kama kimekua. Kilikuwa kinakua. Watu walisema mama alilogwa na kwamba aliyemmaliza hajashiba. Mimi sikujua niamini nini. Nilijua tu kwamba Kabula anaelekea kwenye beseni lile lile.

Daktari alipomuuliza Kabula linauma kama nini, mtoto alifikiri muda mrefu, akasema ni kama jiwe la kusagia lililoachwa juani. Halikati wala halichomi. Linakaa tu na ni zito na lina joto. Daktari alimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi, kisha akaniambia, bila kunificha, kwamba ni bandama, imevimba, na kwamba hajui bado kwa nini.

Yeye na wenzake wa mjini walikuwa wanatafuta sababu ya watu wa sehemu zetu kutapika damu na kufa. Wenzake waliamini ni vidonda vya tumbo. Ili kujua, alihitaji choo cha kila mtu, kidogo, ndani ya kikopo chenye kifuniko na namba. Hapo ndipo alipokutana na Migato yenyewe.

Kwetu mtu hatoi kitu cha mwili wake hivi hivi. Kucha, nywele, na hicho cha kikopo zaidi ya vyote, akikipata mbaya wako umekwisha. Lakini mgeni hakataliwi pia, hasa mgeni mwenye heshima anayekaa kwa mayatima. Basi kitongoji kilikaa, kikatafuta njia ya kumpa bila kumpa. Walikuwa na mzee mmoja, tulimwita Guku, yaani babu, mzee kuliko wote, asiye na jino hata moja. Guku alisema yeye amekwisha kuzika wake zake na maadui zake wote, anayetaka kumloga sasa amechelewa, na akajitolea kwa niaba ya kitongoji. Wakampelekea vikopo. Guku alijaza kadiri alivyoweza, leo nyumba hizi, kesho nyumba zile, na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, kila nyumba ilimletea choroko za kuchemsha apate nguvu.

Daktari alifurahi kwa jinsi watu walivyoitikia. Alitazama vikopo asubuhi baada ya asubuhi, akaona mayai ya minyoo ya safura katika kila kimoja, wakubwa kwa watoto, bila kubagua. Akatugawia dawa ya safura sote. Akawa anatembea uani huku anaongea peke yake. Nadhani alikuwa tayari anawasimulia wenzake. Kisha siku moja alitoka chumbani akaja jikoni, akakaa kwenye gunia la mkaa.

"Mayu," alisema, "kitongoji hiki watu wote hawana meno?"

Nikamwambia meno wanayo, isipokuwa Guku.

"Kila kikopo kina choroko nzima. Hazikutafunwa hata moja."

Nilikuwa sijui habari za vikopo. Nilikuwa shambani walipokaa kikao chao. Lakini nilimjua Guku na nilizijua choroko zile, na tukatazamana, tukaelewa kwa pamoja. Alicheka mpaka akashika tumbo lake lenye vidonda. Aliinuka, akaenda kwa Guku, akampa mkono, akamwambia hajawahi kuona mtu mmoja akifanya kazi ya watu wengi kwa uaminifu kiasi hicho. Guku alipokea sifa hizo kwa unyenyekevu, akauliza kama mwakani watahitaji tena.

Aliporudi hakuwa anacheka. Kikopo cha Kabula nacho kilikuwa na choroko.

Aliyekipeleka kwa Guku alikuwa Sengi. Hakukataa. Alisema mbele yetu sote kwamba mama yao alichukuliwa kitu chake, yeye alikuwepo na hakuweza kufanya lolote, na huyu hachukuliwi. Daktari alimweleza habari za mayai na minyoo. Sengi alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua ya nchi nyingine. Wiki hiyo Kabula alitema mate yenye weusi asubuhi, kama tope la kahawa, na mimi nikakaa chini pale uani. Nilimwambia Sengi tumwachie Daktari mtoto. Akaniambia nikitaka kumwua mdogo wangu nimwue mwenyewe, yeye mkono wake haumo.

Sasa nitaeleza kitu ambacho daktari yeyote mwingine niliyemwona maishani asingekifanya. Alichukua kikopo kitupu, akaenda nyuma ya nyumba. Alikawia. Akarudi, amekifunga vizuri, akakiweka mkononi mwa Sengi.

"Sengi, shika. Hiki ni changu mwenyewe. Cha mtoto nikikipoteza, au kikifika mikono mingine, unajua pa kukipeleka hiki."

Sengi alikitazama kile kikopo, akamtazama yeye.

"Meno unayo?" aliuliza.

"Yote."

"Basi nitakijua kama ni chako."

Alikifunga kwa kipande cha kaniki, akapanda juu ya kinu, akakichomeka kwenye boriti chini ya bati. Kesho yake alimpeleka Kabula mwenyewe, akasimama mlangoni hadi Daktari alipomaliza kutazama, na mabaki yote yakafukiwa mbele ya macho yake.

Asubuhi hiyo jua lilikuwa safi. Daktari aliinamia hadubini, kisha akaniita niweke jicho langu. Kwanza niliona kope zangu. Halafu nikaona uwanda wa rangi ya dhahabu, kama malisho wakati wa kiangazi ukiyatazama kutoka mlimani, na katikati yake kitu kama mbegu ya tikiti, kinang'aa, chenye mwiba ubavuni. Kilikuwa kizuri. Nasema kweli, nilikitazama kitu kilichomwua mama yangu nikakiona kizuri, na nilikaa pale bila kutaka kutoka.

Aliniuliza huyu mtoto amewahi kuishi wapi pengine. Nilimwambia kwamba baba alipokufa mama alirudi kwao kwa muda, upande wa ziwa, akalima mpunga, na Kabula alijifunza kutembea huko, ndani ya maji ya majaruba. Daktari alivua miwani. Alisema kuna kichocho cha tumbo, si kile cha kukojoa damu tunachokijua, na mdudu wake anakaa kwenye konokono wa maji ya huko, anaingia kwa ngozi, anakaa ndani miaka, hadi damu inakosa njia na kupasua koo. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba hakuna mtu aliyemloga mama. Alisema na yeye ameoga maji hayo utoto wake wote, na kwamba alikwenda kusoma mbali sana ili aje kukuta jambo lililoanzia mlangoni kwao.

Dawa ilitakiwa kwenda na uzito wa mtoto, na mizani pekee iliyokuwa karibu ilikuwa ya mnunuzi wa pamba. Tulimpeleka Kabula, tukamtia kwenye gunia lile la kupimia pamba, akaning'inia kwenye ndoano huku anazunguka polepole, miguu inachungulia. Mnunuzi, kijana mwenye miwani ya jua, alisoma kilo kisha akamuuliza kwa sauti ya kazi: "Hii ni safi au fifi?" Ndivyo wanavyoichambua pamba, nzuri na mbovu.

"Safi," alisema Kabula kutoka humo ndani.

Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu, akalala siku nzima. Uvimbe haukuisha kwa haraka. Uliondoka kama maji ya dimbwi yanavyoondoka, huoni yakienda, unaona tu ukingo umepanuka.

Daktari alikuwa msomi. Lakini alikuwa pia mtoto wa Kisukuma, na kile kikopo cha boritini hakikumtoka akilini. Hakusema wazi. Akiwa anakula aliinua macho juu. Mara nyingine aliuliza, kama mtu anayetafuta mazungumzo, kama panya hupita huko. Siku fedha za utafiti zilipokwisha na gari likaja kumchukua, Sengi alikishusha, akakitumbukiza chooni mbele yake bila kukifungua. Daktari alimshukuru kwa kuinama kabisa. Wakati wa kuaga mimi alisahau hata kunipa mkono.

Hakurudi. Tukasikia vijiji vingine, nchi nyingine. Sengi alikufa kwa uzee, usingizini. Mdogo wangu wa kiume akaenda machimboni. Mimi nilihamia Bariadi mjini, nikauza michembe ya viazi vitamu vikavu na karanga sokoni, na Kabula akakua pembeni yangu, akaolewa na fundi baiskeli, akakaa mtaa wa pili kutoka kwangu.

Kisha nikamkuta nyuma ya nyumba yake asubuhi, ameinama, anatapika. Kesho yake tena. Nilichungulia kila alichotapika nikitafuta rangi. Kila duka la dawa nililomwingiza, na siku hizo Bariadi yalikuwa mengi, walisema ni vidonda, wakanionyesha boksi. Kabula alisema nisijisumbue, ni kitu kidogo. Mama naye alikuwa akisema hivyo. Nilipoulizia habari za Daktari, mtu akaniambia mzee yule amestaafu, yupo kwao Nyashimo, nikamtia Kabula kwenye basi bila kumsikiliza.

Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, amekuwa mdogo, miwani minene, na jicho moja limeingia ukungu. Hakunikumbuka. Nikamtajia Migato, nikamtajia dirisha la mashariki, na uso ukafunguka taratibu.

"Mayu," alisema. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na yule mtoto?"

Nikamwambia ndiye huyu, na anatapika.

Alimlaza Kabula kwenye mkeka, akapiga magoti kwa shida, akaweka mkono chini ya mbavu za kushoto. Alitafuta kwa muda, akifumba macho, akabonyeza, akamwambia avute pumzi, akatafuta tena. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza.

"Lile jiwe halipo," alisema. "Bandama imerudi nyumbani kwake."

Mkono ukashuka, ukapita kitovu, ukasimama. Akamwuliza Kabula kitu kwa Kisukuma, polepole, kama baba. Kabula akageuzia uso ukutani, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Alikuwa ameogopa kunitajia mapema, nisije nikaanza kuogopa kwa ajili ya wawili.

"Mayu, si damu," alisema Daktari. "Ni mimba. Atajifungulia hospitali kubwa, unanisikia? Awaeleze alichowahi kuugua, wamwangalie koo. Si nyumbani." Akarudia mara ya pili, na mimi nikaitikia mara zote, ingawa sikuwa nasikia vizuri.

Mkewe alileta chai. Daktari hakuigusa. Alikuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya tumbo la mdogo wangu, na nilipomwambia ainuke apumzike alitikisa kichwa.

"Sisi tulihesabu mayai," alisema. "Tunahesabu, tunaandika, tunapanda gari. Katika wote wale, kabla ya huyu hakuna hata mmoja aliyeletwa nikaona alifika wapi."

Kabula aligeuka kutoka ukutani, akamtazama. Basi la kurudi Bariadi lilipiga honi kule barabarani, likaondoka bila sisi.